Maji ya Ngamani

Maji ya bamvua yanapokupwa katika pwani ya Nungwi, kaskazini ya kisiwa cha Unguja, na bahari ikarudi nyuma kwa masafa ya kumwezesha mtu kutembea kavu hadi karibu na miamba, majahazi yaliyokuwa yakielea asubuhi huonekana yamelala mchangani, yameegemezwa gadi ubavuni, na matumbo yao, ambayo bahari huyasitiri karibu mwaka mzima, yakawa wazi kwa kila mpita njia. Chini ya tumbo hilo hukaa fundi mwenye nyundo, patasi butu, na furushi la nyuzi za pamba zilizoloweshwa mafuta. Hatazami umbo la chombo wala nakshi ya tezi yake. Hupitisha kidole gumba katika maungio ya mbao mbili, taratibu mno, na kidole kinapozama zaidi ya kilivyozama shubiri moja nyuma, husita, hugonga kwa nyundo, husikiliza, hugonga tena. Kisha huing'oa pamba kuukuu iliyooza, husokota nyuzi mpya juu ya paja lake, na kuzishindilia katika ufa, pigo juu ya pigo, mpaka mlio wa nyundo utoke katika uzito na kuingia katika ukavu, naye akajua kwa sikio, kabla ya jicho, kwamba pale pameshiba. Kazi hiyo ndiyo kalafati. Ikimalizika hupakwa deheni ya chokaa na mafuta ili kuzuia maji na wadudu watoboao mbao, na bahari ikirudi, chombo huinuka, na hakuna atakayekiona kikipita kwa tanga lililojaa upepo akakumbuka kwamba jana kilikuwa kimelazwa ubavu na kuulizwa maswali kwa nyundo.

Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa, na sisi tumeipokea methali hiyo kwa nusu ya maana yake, tukadhani inamsifu fundi aliyekata mti, akaulaza mkuku, akasimamisha mataruma na kugongomea mbao. Anayekaa pwani mchana kutwa huona jambo jingine: kwamba kuunda hakukomi siku ya kushua, na kwamba vyaeleavyo vimeundwa, vikaharibika, vikaundwa tena, mara nyingi kuliko anavyodhani msafiri aliyeketi juu ya shehena akila tende. Chombo kipya, hata kikiwa cha fundi mwenye jina, huingiza maji siku ya kwanza, na wajuzi hawafadhaiki kwa hilo, kwa kuwa mbao zilizokauka juani huhitaji kunywa na kuvimba ndipo zikumbatiane. Wao hukiacha kinywe, wakangoja, kisha wakatazama ni wapi maji yanapoendelea kupenya baada ya mbao kushiba. Katika kungoja huko mna hekima ambayo wengi wetu tumenyimwa, au tumejinyima. Yako makosa ya mtu mgeni kazini, ya kijana aliyeshika cherehani mwezi huu, ya mwalimu anayesimama mbele ya darasa lake la kwanza na sauti ikamkauka, ambayo hujifunga yenyewe kadiri siku zinavyopita. Na yako makosa mengine ambayo miaka kumi ya mazoea haiyapunguzi hata chembe, bali huyapanua. Asiyeweza kuyapambanua mawili haya humkemea mwanafunzi kwa jambo ambalo wiki mbili zingelimaliza, na humsamehe bingwa jambo ambalo litamzamisha.

Kabla misumari ya chuma haijaenea katika uundaji wa vyombo, na hata muda mrefu baada ya kuenea kwake, watu wa visiwa vya Lamu, na hasa Wabajuni, walisafiri kwa mitepe, vyombo ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa jamvi lililosukwa. Mtepe haukuwa chombo kikavu. Uliingiza maji tangu kung'oa nanga hadi kutia nanga, na kufua maji hakukuwa jambo la dharura bali sehemu ya safari, kazi yenye zamu zake, ambayo baharia aliishika kwa upo wake mkononi bila ya kulalama wala kuona kwamba amefikwa na msiba. Kamba zilipochakaa zilikatwa, na chombo kikashonwa upya. Aliyezoea meli za chuma angaliuita chombo kibovu. Lakini katika pwani isiyokuwa na gati, ambako chombo hukalishwa mchangani kila bahari inapokupwa na kupigwa na mawimbi kila inapojaa, mtepe ulinyumbuka pale ambapo chombo kigumu kingalipasuka, na kwa unyumbufu huo ukatumika karne kwa karne, hata karne ya 20 ikawadia na mitepe ikingali baharini. Mimi huona katika habari hii jawabu la watu wanaodhani kwamba kufanikiwa ni kuwa na maisha yasiyopenya tone. Maisha ya namna hiyo hayajapata kuundwa na fundi yeyote. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngamani, chini kabisa ya chombo, maji hayakosekani. Tofauti iliyopo baina ya msafiri na msafiri ni kwamba mmoja huinama akayafua kila alfajiri na mwingine huyaacha kwa sababu hayajamfika miguuni.

Hata hivyo sipendi kuungana na wale wanaolisifu kosa kupita kadiri, wakaligeuza kuwa neema, wakawaambia vijana kwamba kila kuanguka ni daraja ya kupandia. Maneno hayo ni matamu, na aghalabu husemwa na mtu aliyekwisha kufika bandarini. Aliyefika nchi kavu husimulia mawimbi kwa furaha. Aliyezama hana kauli, wala hakuna mkutano unaomwalika asimame azungumze. Maji hayafundishi mtu kuogelea kwa kuwa ni maji. Maji huzamisha, na hiyo ndiyo kazi yake ya asili. Kinachofundisha ni pwani ambayo chombo kinaweza kupandishwa, ni bamvua linalokupa saa chache za kufanya kazi, ni fundi mwenye sikio, ni pamba na mafuta, na ni mwenye chombo aliye radhi kupoteza mshahara wa safari moja ili asipoteze roho za watu katika safari ya pili. Ondoa mojawapo ya hayo, na ufa utabaki ufa. Ndiyo sababu kosa la tajiri na kosa la maskini, hata yakilingana kwa sura, hayalingani kwa athari: mwenye majahazi matatu akipoteza moja hulifanya kuwa maarifa na kulizungumza barazani, mvuvi mwenye ngalawa moja, aliyoinunua kwa deni, ikivunjika mwambani hubaki na deni bila ya ngalawa, na kumwambia kwamba amepata somo ni kumcheka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, naam, lakini methali hiyo ni kweli kwa mhunzi aliye na njia ya kupata koleo nyingine, na jamii inayoipenda methali hiyo ina wajibu wa kuhakikisha kwamba koleo ya pili inapatikana.

Sasa mtu mwenye hadhari anaweza kusema: ikiwa mambo ndiyo hayo, heri chombo kisitoke. Akae pwani, asitake makuu, asithubutu, na hatakosea. Hilo ni kosa kubwa kuliko yote, na bahari wala haihitajiki ili kulithibitisha, jua linatosha. Chombo kilichoachwa juu ya mchanga kwa kaskazi mbili au tatu bila ya kuguswa na maji hukauka, mbao zake zikanywea, maungio yakafunguka hata ukaweza kuona mwanga wa upande wa pili, na pamba ikakatika yenyewe ikaning'inia. Hakikupigwa na wimbi wala hakikugonga mwamba, na hakuna chombo kinachovuja kuliko hicho. Hali ya binadamu aliyejihifadhi na kila jaribio haitofautiani na hiyo. Nimeona watu wenye akili nyingi, waliosifiwa utotoni kwa wepesi wa fahamu, ambao kwa kuogopa kuipoteza sifa ile hawakutia mkono katika jambo lolote ambalo hawakuwa na yakini ya kulishinda. Wakazeeka hawajapata fedheha hata moja, na hawajapata kitu kingine chochote. Tamaa ya makuu, ambayo waalimu wa maadili wameishutumu, na mara nyingi kwa haki, ina fadhila hii moja isiyokanika: ndiyo inayokitoa chombo pwani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka cha ng'ambo sharti alowe.

Lakini aliye na hima na akatoka, atakutana na maji ya aina mbili, na ni lazima ajifunze kuyatenga. Iko kasoro iliyo ya kweli, nayo imo katika mbao zake mwenyewe. Na iko kejeli ya watu, ambayo humwagwa juu yake kutoka nje, na humlowesha vilevile, lakini haina ufa ilikopitia. Chukua mfano wa mwimbaji Siti binti Saad: alizaliwa Fumba, kusini-magharibi ya Unguja, karibu na mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi, akapewa jina la Mtumwa, jina lililotangaza daraja yake kabla hajaweza kutamka neno. Alifinyanga vyungu na kuvichukua mjini kuvinadi kwa sauti, na hakuna madrasa iliyompokea. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba kwa udi na wapigaji waliotambua kilichokuwamo katika koo lile, akahifadhi kwa moyo mashairi ambayo hakuweza kuyasoma, na mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay, sauti yake ikatiwa katika santuri, jambo ambalo halijapata kufanywa na mwanamke wa Afrika Mashariki kabla yake. Njiani humo alichekwa kwa asili yake, akachekwa kwa ushamba wake, akachekwa kwa sura yake, na kejeli zile zikatungiwa nyimbo. Kinachonishangaza katika habari zake, ambazo Shaaban Robert aliziandika katika wasifu uliosomwa na vizazi vya wanafunzi, si kwamba alistahimili, kwa maana wastahimilivu ni wengi, bali ni namna alivyogawanya. Kwa yale aliyokosa, matamshi ya Kiarabu, ghani, kwenda sambamba na ala, alikaa chini akafunzwa, usiku kwa usiku, mtu mzima mwenye mtoto, mbele ya waliomzidi maarifa. Kwa yale aliyotukanwa hakubadili kitu. Alijibu kwa wimbo akaendelea na safari. Angalifanya kinyume, akaitengeneza sura na kuisahau sauti, tusingekuwa leo na habari ya kusimulia. Ni wangapi miongoni mwetu ambao wametumia nusu ya umri kuziba mahali pasipovuja, kwa kuwa mtu fulani alipanyooshea kidole, huku maji yakiingia upande wa pili?

Mfano wa pili nitautoa bara, katika nchi isiyo na bahari, kwa kuwa hakuna mfano ulio wazi zaidi wa hima iliyokataa kupimwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, na mwaka 1946 wakubwa wake wakapata fikira ya kuilima Tanganyika karanga. Wataalamu wakaizunguka nchi kwa wiki chache, wakaandika hesabu zao, na hesabu zikasema ekari 3,210,000, nyingi zake zikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, katika nchi ya Ugogo, kwa matrekta yaliyonunuliwa katika mabaki ya vita, mengine yakiwa vifaru vya kijeshi vilivyogeuzwa. Magugu na mizizi ya Kongwa ikayavunja majembe, mibuyu ikakataa kung'oka, udongo uliokuwa laini wakati wa mvua ukakauka ukawa mgumu kama sakafu, na mvua yenyewe haikuja kwa kadiri iliyoandikwa. Wagogo, ambao njaa za ukame waliwahi kuzihesabu kizazi kwa kizazi, waliijua tabia ya mvua ile; elimu yao haikutiwa katika hesabu. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni milioni 36 hivi zikawa zimekwenda na upepo. Watu huisimulia habari hiyo kama kichekesho cha majivuno, na majivuno yalikuwamo. Mimi naona kilichopungua hakikuwa akili wala fedha wala bidii, bali ile siku ya kwanza ya kushua, ambapo chombo huachwa kinywe maji karibu na pwani, mahali ambapo kosa lingaligharimu shamba moja na msimu mmoja. Walikwenda moja kwa moja kwenye kina. Lakini hata katika hasara hiyo kuna sazo: bandari ya kina ya Mtwara, iliyojengwa ili karanga za Nachingwea zipite, haikupata karanga zilizotarajiwa; reli yake ikang'olewa baadaye; gati likabaki, na kwa miaka mingi sasa korosho za kusini hupita pale pale palipotengwa kwa zao jingine. Sisemi kwamba korosho zimelipa deni la karanga. Nasema kwamba kushindwa, kama kufaulu, huacha vitu nyuma yake, na mwenye busara huvipitia vitu hivyo baada ya machozi kukauka, akauliza ni kipi kinachoweza kutumika.

Wapo pia waliozamisha kidogo, wakajua, wakasema. Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, Julius Nyerere aliandika taarifa ambayo watawala wachache wangeithubutu katika sikukuu yao wenyewe: aliorodhesha yaliyofanikiwa, kisha akakiri kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea, akataja uzembe na makosa yaliyopita. Baadaye alikiri tena, waziwazi, kwamba kuvunja serikali za mitaa mwaka 1972 na kuvifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 kulikuwa kosa, na sheria za mwaka 1982 zikafungua njia ya kuvirejesha vyote viwili. Katika kukiri huko mna ukubwa wa nafsi, na ni haki kuutaja. Lakini insafu inatudai tuutaje na upande wa pili: ushirika uliorejeshwa haukuwa ule uliovunjwa, kwani wakulima wa pamba na kahawa waliokuwa wameujenga kwa mikono yao walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba unaweza kuondolewa kwa tamko, na watu waliohamishiwa vijijini kwa nguvu enzi hizo hawakurudishiwa misimu waliyoipoteza. Kosa la nahodha hulipwa na abiria. Hilo ndilo linaloyatofautisha makosa ya mwenye madaraka na makosa ya mtu wa kawaida, na ndilo linalomharimishia kiongozi ile raha ya kusema kwamba amekosea na amejifunza, kisha akanyamaza. Yeye ana swali la ziada la kujibu, nalo ni hili, nani aliyelipa ada ya masomo yake?

Nikiyatafakari hayo nauona ubaya mwingine, ulio mkubwa kuliko ufa wenyewe, nao ni ufa uliofichwa. Baharia anayejua kwamba nahodha atampiga au kumtukana akimpa habari ya maji ngamani, hatampa habari hiyo. Atafua kimya kimya usiku, na maji yakimshinda atajifanya hakuyaona. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingi aliyemfundisha kuyaficha ni yule yule atakayelia kuliko wote mazikoni. Tazama majumbani mwetu siku matokeo ya mitihani yanapotoka. Kijana wa darasa la saba au wa kidato cha nne ambaye jina lake limekaa mahali pabaya katika orodha hukuta nyumba imenuna, jirani anauliza kwa sauti ya huruma yenye makali ndani yake, binamu aliyefaulu anatajwa kila wakati wa kula. Na hakuna hata mmoja anayechukua daftari lake la hesabu akaketi naye kitako kutazama ni hesabu ya namna gani iliyomshinda, na tangu lini. Tumelifanya kosa kuwa sifa ya mtu badala ya kuwa mahali katika kazi yake, na mtu akishaambiwa kwamba yeye mwenyewe ndiye kosa, atatengeneza nini? Wapo vijana, nao ni wengi katika kila mji, wanaorudi mwaka wa pili kama watahiniwa wa kujitegemea, bila ya sare, wakisoma jioni baada ya kushinda dukani au sokoni, wakilipia ada kwa fedha walizozitafuta wenyewe. Hao hawapigiwi vigelegele, na aghalabu husema uwongo mdogo wanapoulizwa wanakwenda wapi na madaftari. Lau ningekuwa na uwezo ningewapa wao nafasi za mbele katika sherehe za shule, mbele hata ya waliofaulu mara ya kwanza, kwa kuwa wao wamelijua jambo ambalo bingwa bado hajalijua: umbali uliopo baina ya kufikiri kwamba unajua na kujua.

Kwa nini basi jambo hili, ambalo kila fundi wa pwani analijua, limekuwa zito hivi kwetu katika maisha? Nadhani ni kwa sababu tumejitungia picha ya ukamilifu ambayo hata dini hazikutudai. Kila mtoto wa chuoni, katika miji ya pwani, hufundishwa mapema kwamba mtu anayesahau katika sala yake, akaongeza au akapunguza au akatia shaka, haamriwi kuvunja sala na kutoka msikitini kwa haya. Amewekewa sijda mbili za kusahau, ambazo kwazo huifunga sala hiyo hiyo na kutoa salamu. Mara ngapi tumeziona sijda hizo bila ya kuzitia moyoni! Ibada iliyo tukufu kuliko zote, ambayo mja husimama ndani yake mbele ya Mola wake, imeletwa ikiwa na dawa ya kosa ndani yake, kwa kuwa aliyeifaradhisha amejua kwamba atakayeisali ni mwanaadamu. Na toba nayo, walivyoieleza maulamaa, si kilio. Ina masharti: kuliacha lile jambo, kulijutia, kuazimia kutolirejea, na ikiwa haki ya mtu imeguswa, kumrudishia haki yake. Yatazame masharti hayo kwa jicho la mtu wa kazi, utaona kwamba majuto ni sharti moja tu kati yake, na yaliyobaki yanaelekea kwenye vitendo. Sisi tumeyachukua majuto, tukayakuza, tukakaa ndani yake miaka na miaka tukidhani tunalipa, ilhali aliyedhulumiwa angali anangoja mlangoni na kazi iliyoharibika ingali ilivyo.

Kwa hiyo, ikiwa mtu ataniuliza kukua ni nini, sitamtajia kilele wala cheo, kwa kuwa wako waliopanda bila ya kukua, na mpanda ngazi hushuka. Nitamwambia kwamba kukua ni kupungua kwa muda unaopita baina ya kukosea na kutambua kwamba umekosea. Mtoto hutambua baada ya kuambiwa mara mia. Kijana hutambua baada ya hasara. Mtu mzima hutambua kazi ikingali mkononi. Na bingwa, ambaye watu wanadhani hakosei, hukosea kama wao, ila yeye hulishika kosa lingali dogo, akalitengeneza kabla jirani hajaligundua, na watazamaji wakaondoka wakisifu kipaji. Jambo hilo hulipati kwa kuogopa kosa, wala kwa kulipenda, bali kwa kuwa nalo pamoja muda mrefu, ukaijua sauti yake. Na hima ya makuu haipungui kwa ujuzi huo, bali husafika, maana aliyezoea kupima kazi yake mwenyewe hana haja kubwa ya kupimwa na makofi ya watu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mgema anayelionja tembo lake kila asubuhi hahadaiki na sifa wala havunjwi na lawama.

Limesalia neno moja, nalo ni la sisi tunaowapa wenzetu amana: tunaochagua viongozi, tunaoajiri, tunaooza binti zetu, tunaowakabidhi waalimu watoto wetu. Tumezoea kumtafuta mtu asiye na doa, na kila mwenye doa akajifunza kulipaka rangi kabla hajaja kwetu, hata tukaishia kuwapa amana wale wanaojua zaidi kupaka. Ingalitufaa tuyabadili maulizo yetu. Tumwulize mtu, kwa upole na kwa subira ya kusikiliza jawabu refu, ni wapi alipokosea, ni nani aliyelipa, alimrudishia nini, na ni jambo gani analifanya leo ambalo asingelifanya kabla ya siku ile. Asiyekuwa na jawabu la hata moja, ama hajapata kutia mkono katika kazi, ama amekosea asijue, na wote wawili ni mapema kuwakabidhi roho za watu. Mwenye majawabu, akayatoa bila ya kujisifu na bila ya kujidhalilisha, na apewe. Na siku atakapokosea tena, kwa kuwa atakosea, awe anajua kwamba akija kutuambia mapema atatukuta tuko tayari kusikia.